Usasishaji wa BIOS umekatikia njiani, ASUS ya H61 haioneshi kitu. Nipo Nansio, naomba msaada

StesheneriNansio, Jumatatu saa 2:10 usiku

Habari za jioni wadau. Naandika kwa simu, mnivumilie nikikosea herufi. Nina stesheneri ndogo hapa Nansio, Ukerewe, na kompyuta ninayoitegemea kwa kila kitu imezimika jana mchana mikononi mwangu. Nitaeleza kwa urefu, maana nimeona mafundi wakianza kuuliza kitu kimoja kimoja siku inaisha bila jibu.

Mashine ni ya mezani, niliundiwa Mwanza mwaka 2019 kwa vifaa vilivyotumika. Mazabodi ni ASUS yenye chipseti ya H61, soketi 1155, RAM mbili za DDR3 za GB 4 kila moja, SSD ya GB 240, Windows 10. Prosesa ni i3-2100. Wiki iliyopita nilinunua i5-3470 ya mkono wa pili kwa sababu kazi za kuskani vyeti na kupanga vitabu vya shule zilikuwa zinaibana sana ile i3. Nikaiweka. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Aliyeniuzia akanieleza kwamba bodi za H61 zilitoka wakati wa prosesa za kizazi cha pili, na i5-3470 ni ya kizazi cha tatu, kwa hiyo BIOS ya zamani (programu ndogo ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta) haiitambui. Lazima kwanza isasishwe.

Nikarudisha i3, ikawaka vizuri. Nikapakua faili kwenye tovuti ya ASUS kwa jina kamili la bodi, jina nililolisoma kwenye bodi yenyewe wala si kwenye boksi. Nikaliweka kwenye flashi, nikaingia BIOS, nikafungua EZ Flash, sehemu yake ya kusasishia, nikaanzisha.

Mstari ulikuwa umepita nusu umeme ulipokatika. UPS ninayo, ila betri yake ilishachoka. Ililia mara moja ikazima na kila kitu.

Umeme uliporudi hali ndiyo hii: feni ya prosesa inazunguka, taa ya mbele inawaka, kioo hakina kitu, kibodi haiwashi taa hata moja, hakuna mlio wowote. Nimetoa betri ndogo ya CR2032 ikalala nje usiku mzima. Nimehamisha jampa ya kufuta CMOS, yaani mipangilio ya BIOS. Nimejaribu RAM moja moja kila nafasi, kioo kingine, waya mwingine. Hakuna tofauti.

Fundi mmoja hapa kaniambia bodi imekufa, nitafute nyingine. Naambiwa iliyotumika ni kama elfu tisini, na bado sina uhakika kama nitakayopata itakuwa nzima. Kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba ndani ya hiyo kompyuta kuna mitihani ya majaribio ya Darasa la Saba ya shule tatu. Walimu wameniamini, na wanaitaka Ijumaa.

Maswali yangu ni mawili. Je, ni kweli bodi imekufa? Na mitihani je?

Mwanachuo_Malimbe, Jumatatu saa 2:41 usiku

Pole sana dada. Nianze na swali la pili kwa sababu ndilo rahisi: mitihani ipo salama. BIOS inakaa kwenye chipu yake juu ya bodi, na SSD haikuguswa kabisa na ule usasishaji. Fungua kasha, chomoa SSD, ichomeke kwenye kompyuta nyingine yoyote ya mezani kama diski ya pili, au tumia waya wa SATA kwenda USB. Utaona mafaili yako yote. Kikwazo pekee ni kama uliwahi kuwasha BitLocker (ule ufungaji wa diski wa Windows), hapo utadaiwa ufunguo wa akiba. Fanya hilo kesho asubuhi kabla ya jambo jingine, ili hata kazi ya kuifufua bodi uifanye moyo ukiwa umetulia.

Kuhusu bodi: ASUS za wakati huo zina kitu kinaitwa CrashFree BIOS 3. Sehemu ndogo ya mwanzo ya BIOS ikiwa bado nzima, bodi inaweza kujitafutia yenyewe faili kwenye flashi au kwenye ile DVD iliyokuja nayo. Masharti yake ni haya: flashi iwe na fomati ya FAT32, iwe na sehemu moja tu, isizidi GB 8. Faili lipe jina lile lililoandikwa kwenye kitabu cha bodi, maana likiwa na jina refu la tovutini halitaonekana. Tumia kioo cha VGA ya bodi yenyewe. Chomeka flashi kwenye tundu la nyuma, washa, kisha iache dakika kumi bila kuigusa. Angalia taa ya flashi: ikipepesa mfululizo ujue inasomwa.

StesheneriNansio, Jumanne saa 7:25 mchana

Mungu akubariki mdogo wangu. Nimechomeka SSD kwenye kompyuta ya jirani mwenye duka la picha, na mitihani yote nimeikuta, hata ule wa Sayansi niliokuwa sijaumaliza. Nimenakili kwenye flashi mbili na moja nimempa mwalimu aende nayo. Nilivyoona lile folda nilikaa chini kwanza.

CrashFree imeshindikana. Flashi yangu ya kwanza ilikuwa ya GB 32, nikaazima ya GB 4, nikaiweka FAT32, jina nikalisahihisha. Taa ya flashi inawaka mara moja nikiwasha, halafu inazima moja kwa moja. Nimesubiri nusu saa, nikahamisha kwenye matundu yote ya nyuma. DVD ya bodi sijawahi kuwa nayo.

Mzee_wa_Igoma, Jumanne saa 8:02 mchana

Mwadila mwanangu. Zamani tulikuwa tunafanya hivi: unatafuta bodi ya aina hiyo hiyo iliyo nzima, unaiwasha mpaka iingie kwenye BIOS, halafu ikiwa inawaka hivyo hivyo unachomoa chipu yake taratibu na kuweka yako iliyoharibika, kisha unaanzisha usasishaji. Bodi inaendelea kufanya kazi kwa sababu BIOS imeshanakiliwa kwenye RAM. Nimeokoa bodi kadhaa kwa namna hiyo, enzi za Pentium 4.

FundiChipu_Kirumba, Jumanne saa 11:50 jioni

Dada wa Nansio, usinunue bodi nyingine. Nimesoma ulivyoeleza mwanzo hadi mwisho, na hakuna neno hata moja linaloonesha kwamba bodi imekufa. Kilichoharibika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja, na maandishi yanaandikwa upya. Nafanya kazi hii Kirumba kila siku, na linaloniuma kuliko yote ni kuona bodi nzima zinatupwa, au zinauzwa kama chuma chakavu kwa kupimwa kilo, kwa kosa la chipu ndogo kuliko punje ya hindi.

Nikueleze kilichotokea, ili ujue kwa nini kutoa betri hakukusaidia.

Chipu ya BIOS ni ya aina ya flash. Haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Ni kama ubao wa darasani: unafuta kwanza, ndipo unaandika. Kufuta kunaenda kwa vipande, kidogo kabisa ni KB 4, na kipande kilichofutwa ukikisoma kinatoa FF FF FF mwanzo mwisho. Umeme ulipokatika, programu ilikuwa imeshafuta sehemu ambayo bado haijaiandika. Sasa prosesa ya Intel ikipata umeme, jambo la kwanza inalofanya ni kwenda kuchukua amri kwenye anwani iliyo baiti 16 tu chini ya mpaka wa GB 4, na anwani hiyo inaangukia mwisho kabisa wa chipu ya BIOS. Ikikuta hapo FF tupu, haina la kufanya. Feni zitazunguka kwa sababu feni zinahitaji umeme tu, hazihitaji BIOS. Kioo, kibodi na hata ule mlio wa kulalamikia RAM vyote vinasubiri amri ambayo haipo. Betri ya CR2032 inatunza saa na mipangilio kwenye CMOS, ambayo ni sehemu nyingine kabisa. Ukiitoa mwezi mzima, maandishi ya chipu hayatarudi.

CrashFree nayo ni programu iliyomo ndani ya chipu hiyo hiyo. Kama taa ya flashi yako haipepesi, maana yake kile kipande kinachobeba CrashFree nacho kimefutwa. Wenye bodi nyingine mnaosoma hapa mwe na akili moja: angalieni kwanza bodi yako ina mlango gani wa dharura. Gigabyte nyingi zina DualBIOS, yaani chipu ya pili ya akiba. MSI zenye kitufe cha Flash BIOS unaliita faili MSI.ROM, unabonyeza, na hata prosesa haihitajiki kuwepo. ASUS mpya zina USB BIOS FlashBack ya namna hiyo hiyo. Kwenye laputopu za HP unachomeka flashi yenye faili, unashika Windows na B pamoja huku unawasha. Dell za kuanzia karibu mwaka 2016 ni Ctrl na Esc huku unachomeka chaja. H61 yako haina hayo, imebaki njia ya kuiandika chipu kwa kifaa cha nje.

Na hapa una bahati kubwa. Tazama bodi yako karibu na betri au karibu na matundu ya SATA. Kuna chipu yenye miguu minane. ASUS nyingi za wakati ule ziliiweka kwenye soketi, haikuchomelewa kwa risasi. Kama ni ya soketi, huna haja ya kusafirisha kompyuta. Nitumie chipu peke yake.

Namna ya kuitoa. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, toa betri. Piga picha ya chipu ilivyokaa kwa karibu, picha iliyo wazi, kwa sababu ina kibonyeo upande mmoja au nukta penye mguu wa kwanza, na ukiirudisha kinyume utaiunguza. Shika chuma cha kasha ili umeme wa mwilini ushuke. Chukua bisibisi bapa nyembamba, ingiza kati ya chipu na soketi, inua upande mmoja kidogo sana, nenda upande wa pili, inua kidogo, rudi tena. Ukiinua upande mmoja tu miguu itapinda, na mguu uliopinda mara mbili hukatika. Ikitoka, izungushie foili ya jikoni miguu yote iguse foili, uitie kwenye kiboksi kigumu. Usiitie kwenye lile povu jeupe la kufungashia runinga, lile linatengeneza umeme tuli.

Nisomee pia maandishi yaliyo juu ya chipu.

Mzee wangu wa Igoma, shikamoo. Njia yako naiheshimu, nami niliifanya nikiwa mwanafunzi wa fundi. Ila leo siwezi kumshauri mtu. Bisibisi ikiteleza kwenye bodi inayowaka unabaki na bodi mbili mbovu badala ya moja, na hiyo ya pili ni ya mtu aliyekuazima kwa nia njema.

StesheneriNansio, Jumanne saa 1:30 usiku

Shikamoo mzee wa Igoma, na asante kwa mawazo. Fundi, asante sana, sikutegemea.

Ni ya soketi! Ipo karibu na matundu ya SATA kama ulivyosema. Imeandikwa Winbond, halafu 25Q32BV. Picha nimepiga. Nimeitoa, imenichukua karibu robo saa maana mkono ulikuwa unatetemeka, lakini miguu yote minane imenyooka. Mdogo wangu anakuja Mwanza kesho na meli ya asubuhi, nimempa ikiwa ndani ya kopo la dawa, foili mbili. Nikutumie na faili la BIOS kwa WhatsApp?

FundiChipu_Kirumba, Jumanne saa 1:44 usiku

25Q32 ni megabiti 32, yaani MB 4. Faili usinitumie kwa WhatsApp, nitalipakua mwenyewe tovutini, nipe tu jina kamili la bodi na namba ya toleo. Mwambie mdogo wako akishuka bandarini apande pikipiki moja kwa moja hadi kwangu, namba nimekutumia pembeni.

Mwanachuo_Malimbe, Jumanne saa 3:15 usiku

Fundi samahani naingilia. Unatumia programa (kifaa cha kuandikia chipu) ya CH341A? Nauliza kwa sababu nilinunua moja, ile nyeusi, na niliposhika mita nikakuta mguu wa umeme unatoa volti 3.3 sawasawa lakini nyaya za data zinatoa 5. W25Q32BV imeandikwa volti 2.7 hadi 3.6. Sikuthubutu kuitumia.

FundiChipu_Kirumba, Jumanne saa 3:50 usiku

Umepima vizuri kijana, wengi hawapimi. Ni kweli, zile nyeusi chipu ya CH341A yenyewe inakula volti 5, ndiyo maana data inatoka hivyo hivyo. Wengi wameandikia nazo na chipu zikapona, lakini kazi ya mtu siifanyi kwa kubahatisha. Yangu niliifanyia marekebisho, CH341A inalishwa 3.3, nyaya zote sasa ni 3.3. Na angalizo jingine ambalo limewaliza wengi: laputopu mpya nyingi zina chipu za volti 1.8. Ukikuta herufi za mwisho ni FW au JW badala ya FV au BV, simama, soma karatasi ya mtengenezaji kwanza, tafuta adapta ya 1.8.

FundiChipu_Kirumba, Jumatano saa 10:20 jioni

Dada, chipu imefika saa nane na nusu, kavu na salama. Naandika nilichofanya hatua kwa hatua, si kwa ajili yako tu, na wengine wajifunze.

Kwanza sikuandika chochote. Nimeisoma kama ilivyo kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, mara mbili:

flashrom -p ch341a_spi -r nansio1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r nansio2.bin

Nikazilinganisha kwa md5sum (programu inayotoa alama ya kutambulisha faili), zimefanana herufi kwa herufi. Zingetofautiana, hiyo ingekuwa dalili ya mguu mchafu au chipu mbovu, na hapo kuandika ni kujidanganya. Nimefungua nakala kwenye HxD, programu ya kuonesha baiti za faili. Mwanzo una maandishi, halafu kuanzia katikati kwenda mwisho ni FF, ukurasa baada ya ukurasa, hadi baiti ya mwisho kabisa. Ndiyo maana bodi ilikuwa kimya.

Hiyo nakala mbovu nimeitunza. Watu huifuta, na ni kosa kubwa. Ndani ya chipu kuna namba ya bodi yako na UUID (namba ya kipekee ya kompyuta) ambazo Windows inazitumia kuitambua kompyuta. Faili la tovutini halina namba zako, ni la kila mtu. Kwenye nakala yako nimezikuta zimesalia upande ambao haukufutwa.

Sasa faili la ASUS. Ni la aina ya CAP, na hapa ndipo wengi wanaoanza wanapokwama. Nimelipima: baiti 4,196,352. Chipu yako inabeba 4,194,304. Tofauti ni 2,048. Hizo ni baiti za kichwa cha faili, ambazo EZ Flash inazisoma ili kuhakikisha faili ni halali, kisha haziandiki. Programa haijui hayo. Ukiikata mwisho badala ya mwanzo, au ukilazimisha, kila kitu kinakaa kando kwa baiti 2,048 na bodi itabaki kimya vile vile, halafu utasema chipu imekufa. Nimekata kichwa hivi:

dd if=faili.CAP of=safi.bin bs=2048 skip=1

Kabla ya kuandika nimehakiki: kuanzia baiti ya 17 unatakiwa uone 5A A5 F0 0F. Hiyo ni alama ya Intel ya ramani ya chipu, inayosema sehemu ipi ni ya BIOS na ipi ni ya Management Engine (programu ya Intel ya ndani ya chipseti). Ipo. Nimerudisha namba zako mahali pake, nimeandika, flashrom imehakiki yenyewe, nami nimesoma tena kwa mkono na kulinganisha. Sawa.

Jambo moja la kukufurahisha kuhusu ile i5. Bodi za mfululizo wa 6 zilipohamia prosesa za kizazi cha tatu hazikuhitaji BIOS mpya tu, zilihitaji pia Management Engine ipande kutoka toleo la 7 hadi la 8. Kwenye faili hili ya 8 imo. Kwa hiyo itakapowaka na i3, i5 nayo itakubali.

Nimekuandikia chipu ya pili ya akiba, mpya, yenye maandishi yale yale. Zote mbili anazo mdogo wako. Yenye doti nyekundu ya rangi ya kucha ndiyo ya akiba. Chipu hizi mtengenezaji anazipa uwezo wa kufutwa na kuandikwa mara 100,000, kwa hiyo hata ile ya zamani haijazeeka.

StesheneriNansio, Alhamisi saa 11:05 jioni

Imewaka! Kuna mlio mmoja mfupi nilikuwa nimeusahau, umelia, na nembo ya ASUS ikatokea. Mwanangu alikimbia kutoka uani.

Lakini fundi, kuna jambo. Imeniambia nibonyeze F1, nimerekebisha tarehe na saa, ikaanza kufungua Windows, halafu ikaleta kioo cha bluu kimeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Imerudia mara tatu. SSD nimeirudisha kwenye tundu lile lile. Nimeizima nisije nikaharibu.

FundiChipu_Kirumba, Alhamisi saa 11:12 jioni

Umefanya vema kuizima. Hujaharibu kitu. BIOS mpya imekuja na mipangilio ya kiwandani, na kwenye H61 nyingi SATA, njia ya diski, inaanzia hali ya zamani ya IDE. Windows yako iliwekwa ikiwa hali mpya ya AHCI, sasa haioni diski yake. Ingia BIOS, Advanced, SATA Configuration, badilisha iwe AHCI, F10. Usikubali mtu akuambie upige Windows upya.

StesheneriNansio, Alhamisi saa 11:31 jioni

Ilikuwa IDE kweli. Nimeweka AHCI, imefunguka hadi kwenye picha yangu ya Ziwa, mafaili yote yako mezani pake. Windows haijauliza uhalali wowote, nadhani ni zile namba ulizozirudisha.

Mzee_wa_Igoma, Alhamisi saa 1:20 usiku

Nimefuatilia tangu Jumanne. Fundi, hiyo ya kukata baiti 2,048 sikuijua, na nina bodi mbili kabatini nilizozikatia tamaa kwa sababu hiyo hiyo. Niliandika faili la CAP zima zima, programa ikalalamika ukubwa, nikaikata mkiani. Jumamosi nakuja Kirumba nazo.

FundiChipu_Kirumba, Alhamisi saa 1:26 usiku

Karibu sana mzee. Njoo na majina kamili ya bodi, chipu usizitoe, tutazitoa pamoja.

StesheneriNansio, Ijumaa saa 2:40 usiku

Nimesubiri siku iishe ndipo niandike vizuri.

Asubuhi nimechapa mitihani, nakala za shule zote tatu, mwalimu wa mwisho amechukua saa nane mchana. Baada ya hapo nikafunga mlango, nikaweka i5-3470 na dawa mpya ya joto. Imeitambua mara ya kwanza: kwenye BIOS inaandika jina lake, viini vinne. Kuskani vyeti kumi na viwili na kuviunganisha faili moja, kazi iliyokuwa inaniweka foleni na wateja mlangoni, leo hata sikupata muda wa kuketi.

Chipu ya akiba nimeizungushia foili, nimeitia kwenye kopo lile lile la dawa, nimelibandika kwa selotepu ndani ya kasha pembeni mwa powasaplai, nikaandika juu yake jina la bodi, toleo la BIOS na tarehe ya leo, ili hata mimi nisipokuwepo anayefungua ajue ni kitu gani. UPS nimeitoa betri, mdogo wangu ananitafutia nyingine Mwanza wiki ijayo. Ni ya volti 12, Ah 7. Mpaka itakapofika hakuna faili la BIOS litakaloguswa hapa.

Yule fundi wa hapa nimempigia simu, nimemweleza yote, hadi ile ya soketi. Amesema ana bodi tatu za wateja zinazofanya hivyo hivyo, feni zinazunguka kioo cheusi. Mbili zina chipu ya soketi, moja imechomelewa. Ameniomba namba yako fundi. Nimpe?

Wabeja sana. Mdogo wangu wa Malimbe, na wewe asante, ile SSD ndiyo iliyonipa usingizi.

FundiChipu_Kirumba, Ijumaa saa 2:58 usiku

Mpe. Za soketi afanye kama ulivyofanya wewe, kopo na foili. Hiyo iliyochomelewa aje na bodi nzima, asijaribu kuitoa na pasi ya kawaida, atang'oa njia zake za shaba. Tutaishika kwa klipu ikiwa hapo hapo, betri imetolewa na powasaplai imechomolewa. Na kama usomaji utakuwa unatofautiana kwa sababu bodi inanyonya umeme wa programa, nitaitoa kwa hewa ya moto na kuirudisha.

Apige picha za zile mbili kabla hajazigusa.